Shajara ya mradi wa Kodiak: dubu kwanza, kulungu baadaye

Mradi: msako wa siku 12 katika Ghuba ya Uyak, kisiwa cha Kodiak, Alaska. Wanyama: dubu kahawia mmoja, kulungu wasiozidi watatu. Watu: wawili, wote wakazi wa Alaska. Kuruka: 6 Novemba.

Kulungu wa shajara hii ni yule mdogo wa Sitka mwenye mkia mweusi, ambaye pembe zake huanguka kila mwaka na kuota upya. Si kulungu wa vichaka vya Afrika Mashariki, ambaye pembe zake hukaa naye mpaka kufa. Kodiak yenyewe haikuwa na kulungu hawa. Walipelekwa 14 kwenye kisiwa jirani cha Long mwaka 1924, wawili mwaka 1930, na tisa wakashushwa Kodiak mwaka 1934. Hao 25 ndio waliozaa kundi lote lililoenea visiwani leo. Mwenye nyumba ni dubu, na hukadiriwa kuwa dubu 3,500 hivi wanaishi katika visiwa hivyo. Anayekwenda kuwinda wote wawili kwa safari moja ajue kwamba anakwenda kuchinja uani kwa dubu, na mpango huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Februari, wiki ya tatu: kibali kimetoka

Maombi ya bahati nasibu ya vibali vya dubu yalifungwa katikati ya Desemba, na majina yametoka sasa. Kodiak imekatwa maeneo, na kibali cha eneo moja hakikuruhusu kuvuka mto kuingia eneo la jirani. Kwa hiyo mpaka umechorwa kwenye ramani ya karatasi na kwenye GPS leo hii, kabla ya kununua hata kamba.

Msimu wa dubu wa vuli ni 25 Oktoba hadi 30 Novemba. Wa kulungu ni 1 Agosti hadi 31 Desemba. Idadi ya kulungu anayoruhusiwa mkazi au mgeni hubadilika, basi isomwe kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka huohuo, si cha mwaka jana.

Kwa nini 6 Novemba na si siku ya ufunguzi? Majike ya dubu huwatangulia madume kuingia mashimoni, kwa hiyo kadiri Novemba inavyosonga ndivyo dume anavyoongezeka kati ya dubu utakaowaona. Kulungu nao, katikati ya Novemba, dume yuko kwenye joto la kupandana: anatembea mchana, na tahadhari imempungua. Gharama yake ni mwanga. Tarehe 10 Novemba urefu wa mchana wa Kodiak ni saa nane na kidogo tu, na mwisho wa mwezi zimebaki saa saba.

Kwa wasomaji walioko Tanzania, Kenya au nchi za Ghuba ya Uarabuni wanaopanga safari kama hii: asiye raia wa Marekani na asiye mkazi wa Alaska haruhusiwi kumwinda mnyama mkubwa yeyote, hata kulungu, bila mwongozaji mwenye leseni. Leseni yake ya mwaka ni dola 630, tagi (lebo inayofungwa kwenye mnyama aliyepigwa) ya dubu kahawia 1,300, ya kulungu 400. Bunduki yake inahitaji kibali cha kuingizwa kwa muda, Fomu 6NIA, iombwe miezi kabla. Ngozi ya dubu haitoki Marekani bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa dubu huyu yumo kwenye Kiambatisho chake cha Pili. Karatasi hizi zianze kushughulikiwa kabla ya tiketi ya ndege.

Machi: mizani

Huu ndio ukurasa unaoamua mengine yote. Ndege ya maji aina ya Beaver hubeba watu na mizigo kwa kikomo ambacho kampuni nyingi hukiweka karibu na kilo 450. Hesabu ya kwenda: watu wawili na nguo zao na gambuti, kilo 190. Mizigo yote, chumvi ikiwemo, kilo 160. Jumla 350, raha mustarehe.

Hesabu ya kurudi ndiyo inayouma. Chakula na mafuta ya jiko vilivyotumika vinatoa kilo 25, tunabaki na 325. Ngozi mbichi ya dubu mkubwa pamoja na fuvu, tunaikadiria kilo 55. Kulungu dume hai ana wastani wa kilo 55 pia, na nyama yake ikishatolewa kwenye mifupa tunaihesabu kilo 22. Watatu ni 66. Jumla 446.

Kwa hiyo kulungu wetu ni watatu kwa wote wawili, hata kama kanuni inaruhusu zaidi. Wa nne maana yake ni safari ya pili ya ndege, na ndege ya pili Novemba inaweza kukaa siku nne ikingoja ukungu upande. Wengi huvunja mradi wao hapa: wanahesabu tagi, hawahesabu kilo, kisha nyama inaoza ufukweni ikisubiri zamu.

Aprili na Mei: bunduki

Bunduki moja kwa kila mtu kwa wanyama wote wawili. Moja ni .338 Winchester Magnum yenye risasi ya greni (kipimo kidogo cha uzito) 225, nyingine .30-06 yenye risasi ya greni 220. Risasi zote ni za aina ngumu, zisizopasuka vipande. Watu hudhani risasi kubwa itaharibu nyama ya kulungu. Kinachoharibu nyama ni risasi laini yenye kasi inayopasukia begani. Risasi nzito inayoshikamana, ikipita nyuma ya bega, hutoka upande wa pili na kuacha tundu dogo.

.338 imewekwa ilenge sawasawa kwenye mita 200: kwenye mita 100 inapiga juu kama sentimita 5, kwenye 300 inashuka kama 20. Kwa dubu tumejiwekea kikomo cha mita 150, na tunapendelea chini ya 100. Anapigwa begani, risasi ivunje mfupa na kupita mapafuni, kisha unaendelea kupiga mpaka atulie kabisa. Dubu aliyejeruhiwa akiingia kwenye kichaka cha mialda (miti mifupi iliyosongamana), mtu lazima amfuate humo, na humo mwanga na nafasi ni vyake yeye. Kichwa hakipigwi: ubongo ni mdogo na umekaa nyuma, na fuvu linahitajika zima na maofisa.

Hitilafu zilizojitokeza uwanjani: kitako cha mbao cha .30-06 kilivimba baada ya kulowekwa mvuani usiku mzima, kikaanza kugusa mtutu, na risasi zikahama sentimita 9 kushoto. Kimebadilishwa na cha plastiki. Mdomo wa mtutu unafungwa utepe mweusi wa umeme kuzuia theluji na matope, na unapiga risasi ukiwa palepale bila kuutoa. Darubini ya bunduki hukaa kwenye ukuzaji wa chini kabisa muda wote wa kutembea, kwa sababu kwenye ukuzaji wa juu dubu aliye mita 15 ni manyoya tu.

Mashirika ya ndege yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa mtu, kwenye boksi lake. Zinatosha. Baada ya kushuka Kodiak bunduki zijaribiwe upya, maana sanduku lililotupwa na wapakiaji huhamisha darubini bila kuacha alama yoyote.

Juni: uzio wa umeme

Kazi imechukua wiki tatu badala ya moja, na tunaandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo usingizi wa usiku unapotoka.

Uzio wa kambi ni mita 9 kwa 9, nguzo nane za faibaglasi, nyuzi tatu. Uzio wa nyama ni mita 5 kwa 5, na unakaa mita 100 kutoka kwenye hema, mahali panapoonekana kutoka mlangoni. Kila uzio una kisukuma umeme chake cha betri.

Siku ya kwanza, kwenye uwanja mkavu wa nyuma ya nyumba, kipimo kilisoma voti 6,800. Tukafurahi mapema. Tuliuhamishia kwenye majani marefu yenye umande, ukashuka hadi 2,100. Dubu ana manyoya mazito yasiyopitisha umeme. Kinachomfundisha ni pua yake yenye unyevu ikigusa uzi, na voti 2,100 hazitoshi kumgeuza. Tunataka 5,000 kwenda juu kila jioni.

Sababu zilikuwa tatu kwa pamoja. Majani yaligusa uzi wa chini na kuunyonya umeme kwenda ardhini. Sasa yanafyekwa nusu mita kila upande, na uzi wa chini umepandishwa kutoka sentimita 20 hadi 25. Wa kati uko 50, wa juu 85. Ya pili, fimbo ya ethi, ile inayounganisha kisukuma umeme na ardhi, ilikuwa fupi na imesimama kwenye changarawe. Tumeweka ya sentimita 60, ipigiliwe kwenye udongo uliolowa, karibu na kijito kama kipo. Ya tatu ndiyo ilitusumbua zaidi, kwa sababu haikuonekana kwa macho: kamba moja ya hema ilipita juu ya uzi wa juu. Ikiwa kavu haina neno. Ikilowa inakuwa waya, umeme unashuka nao mpaka kwenye kigingi. Kamba zote za hema sasa zinaishia ndani ya uzio, na ndiyo maana mita 9, si 7.

Baridi hula betri. Seti ya akiba inalala ndani ya begi la kulalia, pamoja na mwenye begi.

Julai: kambi

Hema ni la kuba lenye nguzo nne zinazopishana, la kustahimili upepo, na vigingi virefu. Pwani ya Kodiak upepo wa Novemba huvunja hema la bei rahisi usiku mmoja. Hakuna kutegemea kuni: sehemu kubwa ya kusini na magharibi haina miti ya maana, na mialda iliyolowa haiwaki. Tunachukua hita ya mafuta ya taa. Mafuta na mitungi ya gesi hununuliwa mjini Kodiak, kwa sababu ndege za abiria hazivipokei, wala dawa ya kunyunyizia dubu. Ndege ya maji huibeba dawa hiyo ndani ya viboya vyake, nje ya chumba cha rubani.

Chakula: siku 12 na nne za kungojea hali ya hewa. Nguo: sufu na nyuzi bandia, pamba marufuku hata soksi. Koti la mvua la mpira mzito limeshinda lile linalodaiwa kupumua. Kwenye mvua isiyokatika, na miba ya vichaka, lile la pili lililowana ndani kabla ya adhuhuri.

Agosti: kubeba

Mazoezi ya mlima na begi la fremu, kilo 25, kisha 40, kisha 55. Ngozi ya dubu haigawanyiki. Kulungu unaweza kumkata mafungu, ngozi ni mzigo mmoja na lazima mgongo mmoja uubebe, huku mwenzake amebeba bunduki zote mbili na vingine vyote. Kilo 55 kwenye barabara si kitu kimoja na kilo 55 ndani ya mialda iliyolala kuteremka mlima. Tumejiwekea mpaka: dubu hapigwi zaidi ya kilomita 3 kutoka majini.

Septemba, nusu ya kwanza: ngozi na chumvi

Ngozi huharibika kwa bakteria. Wakishaingia, unyoya unang'oka kwa kuvutwa na vidole viwili, na hakuna fundi wa kukausha wanyama anayeweza kuurudisha. Dubu wa vuli ana shahamu ya sentimita kadhaa, inashika joto kama blanketi, na chumvi haipenyi shahamu. Kwa hiyo ngozi itoke mwilini saa ileile, itandazwe ipoe, na mafuta yakwanguliwe mpaka uione ngozi yenyewe, nyeupe yenye vinyweleo.

Mgumu si mgongo. Ni uso na nyayo. Tumefanya mazoezi kwa vichwa vya mbuzi, kwa kuwa sikio la mbuzi linafundisha vizuri. Gegedu linaachanishwa na ngozi ya nyuma kwa kidole gumba na kisu kidogo butu, taratibu, mpaka sikio zima ligeuke nje-ndani kama soksi, hadi ncha. Ukiacha sentimita mbili za mwisho, hizo mbili ndizo zitakazong'oka unyoya. Midomo inapasuliwa kwa ndani, kati ya ngozi ya nje na ufizi, ifunguke kama bahasha. Gegedu la pua linapunguzwa. Kope zinahitaji kidole ndani ya jicho kuongoza kisu, vinginevyo unakata tundu. Kwenye vidole vya dubu mifupa inatolewa kimoja kimoja, kubaki ule wa mwisho unaoshika kucha.

Kichwa cha kwanza kilichukua saa tatu na matundu manne. Cha tano, saa moja na dakika kumi, tundu moja karibu na jicho. Tunaendelea.

Chumvi ni laini, isiyo na madini joto, kilo 25. Ile ya mawe huacha mapengo, na kila pengo ni mahali pa kuoza. Inasuguliwa kwa kiganja kila pembe, ngozi inakunjwa nyama kwa nyama, inalazwa kwenye mteremko chini ya turubai maji yachuruzike. Baada ya saa 24 chumvi iliyolowa inakung'utwa na kutiwa mpya. Haifungwi kwenye plastiki, haikaushwi kwa moto. Ikiwa ndege inaweza kuja ndani ya siku mbili na hewa ni nyuzi 2 au 3, ngozi iliyokwanguliwa vizuri inaweza kusafiri bila chumvi. Lakini hatutegemei ndege.

Ushahidi wa jinsia lazima ubaki kwenye ngozi, na tagi ya kufunga inafungwa palepale. Ngozi na fuvu vinapelekwa ofisi ya Idara ya Samaki na Wanyama mjini Kodiak kutiwa lakiri. Vyote visiwe vimeganda, na fuvu liwe limetolewa ndani ya ngozi, maana ofisa hulipima na kung'oa jino dogo la kujulia umri.

Nyama ya dubu kahawia hapa sheria haikulazimishi kuichukua. Atakayekula, aipike mpaka katikati ifike nyuzi 71, kwa ajili ya minyoo ya trikina.

Septemba, wiki ya mwisho: kwa nini dubu kwanza

Mpango wa awali ulikuwa kupiga chochote kitakachotangulia. Umefutwa. Siku saba za mwanzo ni za dubu peke yake, hata kulungu mzuri akipita mita 60. Mlio wa bunduki na utumbo wa kulungu hubadilisha bonde zima. Dubu wadogo na majike yenye watoto husogea, dume mkubwa huhamia kutembea usiku, na nyama inayoning'inia inamfunga mmoja wetu kambini kuilinda. Pia kuna mstari wa sheria: utumbo ukiachwa pale mnyama alipoangukia si chambo, ukiusogeza ili dubu aujie umeshakuwa chambo, na hapa dubu hawindwi kwa chambo.

Kuanzia siku ya nane, kulungu. Kipenga cha kuiga mlio wa jike kinamleta dume mbio, na kinamleta dubu pia, kwa sababu kwake huo ni mlio wa chakula kilicho taabuni. Tunapuliza mahali penye uwazi wa mita 50 pande zote, mgongo kwenye mwamba, wawili tukitazama pande tofauti, bila kusinzia.

Akishaanguka: mmoja anachinja na kukata, mwingine amesimama na bunduki, mgongo kwake, hagusi kisu hata kidogo. Hili watu hulivunja kwa huruma, mwenzio anahangaika na wewe umesimama. Usilivunje. Mapaja, mabega, sarara, fileti, shingo, kidari na nyama ya mbavu vyote hutoka, ndivyo sheria inavyotaka, na vinaingia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Pembe zinaondoka na mzigo wa mwisho, baada ya nyama.

Ikibidi kuacha fungu, linahamishwa mita 100 kutoka kwenye utumbo, mahali peupe panapoonekana kutoka mbali, na utepe wa rangi. Kurudi, unasimama mbali kwanza na kutazama kwa darubini, kisha unakwenda upepo ukiwa mgongoni, unaongea kwa sauti, ili aliyepo akunuse na kukusikia mapema. Dubu akishaikalia nyama, ni yake. Kumuua dubu kwa kujitetea ni kwa ajili ya kuokoa maisha, si paja la kulungu, na ngozi na fuvu lake ni mali ya serikali.

Oktoba, wiki ya pili: macho

Hakuna kupiga jike lenye watoto, wala mtoto, na mtoto kisheria ni aliye ndani ya miaka miwili ya kwanza. Watoto hubaki kichakani mama akiwa wazi. Kila dubu anatazamwa dakika 20 kabla ya kuamua kumkaribia. Dume mzima: masikio yanaonekana madogo na yaliyotengana, kichwa kipana, miguu ya mbele inaonekana mifupi kwa sababu tumbo limeshuka, na anatembea akiyumba mabega. Dubu anayeonekana kuwa na masikio makubwa ni mdogo au jike. Ukibishana na mwenzako kama ni mkubwa, si mkubwa.

Oktoba, wiki ya nne: mizani tena

Mizigo imepimwa: kilo 168. Nane za ziada. Zimetoka kiti cha kukunja, sufuria ya pili, gambuti za kufika kiunoni jozi moja (tutapokezana), na vitabu. Sasa 159.5.

Bado: betri mpya za simu ya setilaiti, kinoo cha pili, nakala ya kibali kwenye mfuko usiopitisha maji.

Ratiba ya siku ya kwanza. Aliyeruka leo haruhusiwi kumpiga dubu mpaka saa 9 usiku wa kuamkia kesho. Kulungu anaruhusiwa siku hiyohiyo, lakini kwa mpango wetu bunduki hazitoki kwenye ala. Kufyeka majani, ethi, uzio, kipimo. Hema baadaye. Jua linazama muda mfupi baada ya saa 11 jioni.